Hesabu ya darasani na uhai wa mgonjwa mahututi

Wanafunzi hawachoki kuuliza hesabu ya desimali na uwiano itawafaa nini maishani. Swali hilo nimelisikia mwaka baada ya mwaka katika madarasa ya Kangemi na Dagoretti. Jibu lililo bora, kwa maoni yangu, halimo vitabuni. Limo katika wadi ya wagonjwa mahututi.

Chukua mfano huu. Mgonjwa mwenye uzito wa kilo 60 ameshukwa na shinikizo la damu hata maisha yake yamo hatarini. Daktari anaagiza apewe noradrenalini, mikrogramu 0.1 kwa kila kilo kwa kila dakika. Dawa iliyotayarishwa ni miligramu 4 katika mililita 50 za maji. Je, pampu ipitishe mililita ngapi kwa saa? Mgonjwa anahitaji mikrogramu 6 kwa dakika, yaani 360 kwa saa. Kila mililita ina mikrogramu 80. Jibu ni mililita 4.5. Sasa nukta ile ndogo ikipotea, pampu itasoma 45, na mgonjwa atapata dawa mara kumi zaidi ya aliyoandikiwa. Darasani kosa hilo humpotezea mwanafunzi alama mbili. Wadini laweza kumpotezea mtu roho.

Ama kwa hakika, hakuna mahali ambapo dawa ina makali mawili kama hapo. Mgonjwa wa kawaida huweza kusema, "Sista, dawa hii si yangu." Mgonjwa mahututi amelazwa usingizi na ana mpira kooni, hawezi kujitetea. Isitoshe, aghalabu figo na ini lake zimedhoofika, hivi kwamba kipimo kilichomfaa jana huenda kikawa sumu leo. Kuna dawa, mathalani kloridi ya potasiamu, ambayo ni tiba ikizimuliwa na kutiwa polepole, lakini ikidungwa ilivyo husimamisha moyo. Ndiyo sababu wauguzi hufunzwa kuhakikisha mambo matano kabla ya kutoa dawa: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na wakati ndio.

Hata hivyo, si haki kumtwika muuguzi mmoja, tena usiku wa manane, mzigo huu wote. Mwaka 1999, Lucian Leape na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya Boston, Marekani. Mfamasia alipoandamana na madaktari katika ziara za kila asubuhi wadini, madhara yanayotokana na makosa ya kuagiza dawa yalipungua kwa asilimia 66. Mfamasia huyo hakuleta mtambo wa ajabu. Alisikiliza, akapiga hesabu, akauliza. Kuuliza si ujinga.

Nasi Kenya hatukosi wafamasia. Chuo Kikuu cha Nairobi huwafunza kwa miaka 5, hatua chache tu kutoka Hospitali Kuu ya Kenyatta. Lakini mwaka 2024 chama cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno kiligoma kwa siku 56, na kiini kimojawapo cha mgomo kilikuwa wahitimu waliosubiri kupelekwa hospitalini kama wanagenzi, pamoja na malipo yao. Taifa linalosomesha mtaalamu kisha likamwacha nyumbani limelima shamba na kukataa kuvuna. Nasema hapana budi kila wadi ya wagonjwa mahututi iwe na mfamasia wake.

Nasi jamaa za wagonjwa tuna wajibu. Wengi wetu hununua dawa katika maduka ya Kawangware au mitaa ya karibu na River Road, tukachanganya na miti shamba, kisha mgonjwa akizidiwa tunamkimbiza hospitalini mikono mitupu. Daktari akiuliza amemeza nini, tunanyamaza kwa haya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Beba pakiti zote, hata zilizo tupu. Taja na miti shamba. Habari hiyo yaweza kumwepusha mgonjwa na dawa mbili zisizopatana.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza kwa nusu, katika miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Miaka hiyo imekwisha, na kazi bado ipo. Walimu wenzangu, tusingoje wizara ituanzishie. Somo la desimali likifika, tuwape wanafunzi hesabu ya pampu. Nanyi wanafunzi, kabla ya kufunga daftari, hakikisheni nukta iko mahali pake. Huenda siku moja mkashika sindano. Huenda mkawa ninyi mliolala kitandani.