Makala au Mkaa? Namna ya Kuomba Msaada Katika Fumbo la Maneno

Kaka yangu anaishi Nairobi. Kila anapopata nafasi hupiga picha ukurasa wa fumbo la maneno katika gazeti la siku hiyo na kunitumia kwa simu hapa Munigi. Majibu hutoka katika toleo la kesho yake, lakini picha ya kesho mara nyingi haifiki. Kwa hiyo nimelazimika kujifunza kutafuta msaada kwingine, na katika kuutafuta nimejifunza sarufi kuliko nilivyotarajia. Makala haya yanaeleza njia hizo kwa ajili ya wenzangu wa kitivo.

Nianze na siku niliyokwama. Kidokezo kilisema: "Hukokwa jikoni, herufi 4." Kwa mtu wa Munigi hilo si swali. Barabara ya Rutshuru inapita kwetu, na kila siku naona magunia ya makala yakishuka kuelekea Goma, mengine yamepakiwa juu ya chukudu. Nikaandika M, A, K, A, visanduku vikaisha. Neno langu lina herufi 6. Jibu lilikuwa MKAA. Wiki iliyofuata kikaja kidokezo kingine: "Andiko la gazetini, herufi 6." Jibu lake? MAKALA. Neno nililokatazwa wiki ile limerudi, likiwa na maana nyingine.

Mwanafunzi wa isimu hapaswi kuishia kwenye kucheka. Makala ya gazetini yametoka katika Kiarabu. Makala yetu ya jikoni ni neno la Kibantu, ndugu wa makala ya Kilingala na amakara ya Kinyarwanda. Kiswahili Sanifu, ambacho Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikijenga juu ya lahaja ya Kiunguja, kina neno hilohilo la Kibantu, ila sauti ya "l" katikati ya irabu imedondoka: kala limekuwa kaa, na humo mna makaa na mkaa. Njia hiyohiyo imepitiwa na njaa (Kilingala nzala, Kinyarwanda inzara) na mvua (Kilingala mbula, Kinyarwanda imvura). Hapa tunapata kanuni ya kwanza ya msaada: neno la nyumbani likizidi visanduku kwa herufi moja au mbili, na lina "l" au "r" kati ya irabu, jaribu kuidondosha sauti hiyo kabla ya kulitupa neno lote.

Si kila neno litaokolewa hivyo. "Majani ya muhogo yanayopikwa, herufi 7" ni KISAMVU, na hakuna kanuni ya sauti itakayoligeuza sombe kuwa kisamvu. Vivyo hivyo lengalenga ni mchicha. Haya ni maneno mawili tofauti kwa kitu kimoja, na dawa yake ni kuyaandika pembeni katika daftari, moja mkabala na jingine.

Mchezo wenyewe si wa zamani sana. Fumbo la kwanza la aina hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likatoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Ufaransa iliupokea na kuufanya sanaa. Mwandishi Georges Perec, yule aliyeandika riwaya nzima bila herufi "e" mwaka 1969, alitunga mafumbo ya kila wiki katika jarida la Le Point. Wengi wetu hapa Goma tuliujua mchezo huu kwa Kifaransa kwanza, na mazoea ya Kifaransa hutudanganya tukifika kwenye Kiswahili. Kwa hiyo msaada wa pili ni kukumbuka umbo la lugha unayoijaza.

Neno la Kiswahili karibu daima huishia kwa irabu, isipokuwa maneno machache ya mkopo. Maana yake, kisanduku cha mwisho cha kila neno kina uwezekano wa herufi 5 tu: a, e, i, o, u. Q na x hazimo katika tahajia yetu, na c haisimami peke yake bali hufuatwa na h. Ukiona C katika neno la mlalo, umekwisha kupata H. Hesabu pia jinsi mtunzi anavyoandika: chungu lina herufi 6, lakini kama mtunzi anaihesabu "ch" kuwa sauti moja, litachukua visanduku 5. Ng'ombe kwa kawaida hupoteza ritifaa yake, kama vile Kifaransa kinavyopoteza alama za juu ya irabu ndani ya visanduku.

Msaada wa tatu umo ndani ya kidokezo chenyewe, nao ni upatanisho. Kidokezo na jibu hukubaliana kisarufi. "Vya kulia supu, herufi 6": kiambishi vi- kinakwambia uandike V na I kabla hujajua kitu chenyewe, jibu ni VIJIKO. "Wafundao darasani, herufi 6" huanza kwa W na A: WALIMU. Mtu wa kwetu awe mwangalifu hapa, maana ulimi unaosema bitu na batu huweza kuingiza B mahali pa V au W, na kosa hilo litaharibu maneno yote ya wima yanayopita hapo.

Vitenzi vinasaidia zaidi. Chukua kidokezo hiki: "Tamkia kipofu yaliyoandikwa, herufi 5." Kitenzi tamkia kiko katika kauli ya kutendea, basi jibu pia liko katika kauli hiyo na litaishia -ia au -ea. Tuseme neno la wima limekwisha kukupa O katika kisanduku cha pili. Usawa wa irabu unasema: shina lenye "e" au "o" huchukua -ea, lenye "a", "i" au "u" huchukua -ia. Kwa hiyo kisanduku cha nne ni E na cha tano ni A: SOMEA. Tena E hiyo ni ya pili katika neno la wima, "Samani ya kulia chakula, herufi 4," nayo inakupa MEZA. Kanuni tuliyoikariri darasani kwa ajili ya mtihani imejaza visanduku, na visanduku vimefungua neno jingine.

Ikiwa sarufi imeshindwa, fungua kamusi, lakini ujue mpangilio wake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwanza mwaka 1981, hupanga vitenzi bila ku- na nomino kwa umoja. Kusoma utakutafuta kwenye S, vijiko kwenye K. Tena kamusi inamsaidia anayejua mwanzo wa neno. Anayejua mwisho tu itamlazimu kusoma kurasa zote. Basi kabla ya kuifungua, pigania kwanza herufi ya mwanzo kwa kujaza neno la wima linalopita hapo. Programu za simu zinazokisia neno kwa herufi chache zina udhaifu huohuo kwetu: orodha ya maneno ya kamusi peke yake haina somea, someana wala wasomewao.

Msaada wa mwisho ni mtu. Jirani yangu ni mzee aliyekulia Kasongo, katika Maniema, njia ambayo misafara ya karne ya 19 ilipita na Kiswahili kikabaki. Kidokezo kilisema: "Huzuia jahazi lisichukuliwe na maji, herufi 5." Sisi tunaishi karibu na Ziwa Kivu, kitu chenyewe nakijua, ila neno la pwani lilinikimbia. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisaidie neno moja."

"Marahaba, mtoto wangu. Kwanza nipe mji."

Nikampa Bukavu. Akatafakari kama mtu anayeuthaminisha, kisha akasema, "Linaanza na NA. Zingine utafute mwenyewe." Nilifika nyumbani nikiwa na NANGA.

Mzee yule alinifundisha kanuni ambayo kila aombaye msaada aifuate. Katika vitendawili vyetu, aliyeshindwa hapewi jibu bure. Hutoa mji kwanza. Kuomba si aibu, ila kuna gharama, na gharama hiyo hulifanya jibu likae kichwani. Kwa hiyo usiombe neno zima. Omba herufi ya kwanza, omba ngeli yake, uliza kama ni la Kibantu au la mkopo. Na neno ulilopewa lote uliwekee nukta, ulirudie baada ya wiki bila kutazama.

Limebaki jambo moja, ambalo kwangu ndilo zito. Fumbo la gazeti lina visanduku vya Kiswahili kimoja tu, na kila neno la Munigi linalokataliwa huonekana kama kosa. Rafiki zangu wawili waliacha mchezo kwa sababu hiyo. Walisema unawafanya wajione hawajui lugha waliyozaliwa nayo. Mimi naona tofauti. Sombe halikukosea; halikuulizwa tu. Daftari langu la pembeni sasa lina kurasa 11 za maneno yaliyokataliwa, kila moja mkabala na lile la sanifu, na ninapolisoma naona humo sheria za sauti, mikopo na safari za watu. Atakayekosa mada ya kazi ya mwisho wa mwaka aanze na daftari kama hilo. Na siku mmoja wetu atakapotunga fumbo kwa ajili ya jarida hili, aweke kidokezo: "Hukokwa jikoni, herufi 6."