Wastaafu, gari-nyumba na dhoruba: kweli au si kweli?

Kila mwaka, Machi inapoelekea ukingoni, wastaafu wa Marekani na Kanada waliokwenda kuota jua Texas na Arizona hukunja turubai, huchomoa mabomba ya maji na kuanza safari ya kurudi kaskazini. Kwenye bonde la Rio Grande, kusini mwa Texas, wenyeji wamewazoea hata wamewapa jina: Watexas wa Majira ya Baridi. Wengi husafiri mume na mke ndani ya gari-nyumba, yaani gari lenye ukubwa wa basi, lenye kitanda, jiko, choo na bafu.

Kasoro iko kwenye kalenda. Njia ya kurudi hukatiza Oklahoma, Kansas na Nebraska katika miezi ileile ambayo hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu ya magharibi na baridi ya kaskazini. Matokeo yake ni radi, mvua ya mawe na tonado, ile nguzo ya upepo unaozunguka ambayo hushuka kutoka mawinguni hadi ardhini. Marekani hupata tonado zipatazo 1,200 kwa mwaka, na kwa kawaida Mei ndiyo mwezi wake mkuu. Kuhusu safari hizi kuna maneno mengi yanayopokezanwa kambini. Tuyapime.

1. "Gari la tani kumi halitikiswi na upepo."

SI KWELI. Uzito upo, lakini kinachopambana na upepo ni ubavu. Gari-nyumba lenye urefu wa mita 10 na bodi ya kimo cha mita 3 lina ubavu wa mita za mraba 30, na ubavu huo huushika upepo kama tanga la jahazi. Piga hesabu: upepo wa kilomita 100 kwa saa ukilipiga sawasawa ubavuni, msukumo wake unakaribia uzito wa tani moja na nusu. Tena mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne.

Upepo wa kiasi hicho hauhitaji tonado. Marekani huiita dhoruba ya radi kuwa kali upepo wake unapofika kilomita 93 kwa saa, na dhoruba za namna hiyo ni za kawaida katika majira ya kuchipua. Dereva mwenye busara hashindani na usukani. Hupunguza mwendo, hutoka barabarani, huelekeza pua ya gari upepo unakotoka, hukunja turubai na kurudisha ndani vyumba vinavyosukumwa nje.

2. "Gari refu hupita penye maji."

SI KWELI. Maji yanayokwenda kasi, yakiwa na kina cha sentimita 30, yanaweza kulibeba gari dogo. Yakifika 60 huchukua magari mengi, hata yale ya juu yanayojisifu kwa nguvu. Gari-nyumba lina sakafu pana na kuta nyepesi, kwa hiyo maji yana mahali pa kutosha pa kusukuma. Isitoshe, hakuna ajuaye kama chini ya maji hayo barabara bado ipo au imekwisha kumegwa. Geuza, hata kama njia ya kuzunguka inakula nusu siku.

3. "Tonado ikikukuta barabarani, jifiche chini ya flaiova."

SI KWELI, na hili limeua. Lilipata nguvu tarehe 26 Aprili 1991, wakati wapiga picha wa televisheni walipojibanza chini ya daraja la barabara kuu ya Kansas, karibu na El Dorado, tonado ikapita, wakatoka salama. Mkanda wao ulionyeshwa duniani kote. Ambacho haukueleza ni kwamba tonado ile ilikuwa dhaifu, na kwamba daraja lile lilikuwa na mihimili ya kushikilia ambayo madaraja mengi hayana.

Miaka minane baadaye, tarehe 3 Mei 1999, somo lilikuja kwa gharama. Tonado iliyopiga Bridge Creek na Moore, Oklahoma, ilikuwa na upepo uliopimwa kwa rada kuwa zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Siku hiyo, katika tonado hiyo na nyingine, watu walikimbilia chini ya madaraja matatu tofauti, na kwenye kila daraja mtu mmoja aliuawa. Wengine walijeruhiwa vibaya. Sababu zinaeleweka. Uwazi mwembamba wa daraja huubana upepo na kuuongezea kasi, mteremko unaoupanda hukuinua hadi pale upepo ulipo mkali zaidi, na vipande vya mbao na mabati hupita humo kwa kishindo. Pia magari yanayosimama chini ya daraja hufunga njia kwa wale ambao bado wangeweza kuokoka.

4. "Ukiiona kwa mbali, kanyaga mafuta, utaiacha."

SI KWELI kwa wengi, na kwa gari-nyumba ndiyo kabisa. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado ilitanuka hadi upana wa kilomita 4.2, ikabadili mwelekeo na mwendo ghafla. Watu wote 8 iliowaua walikuwa kwenye magari. Miongoni mwao alikuwa Tim Samaras, mtafiti aliyezisoma tonado kwa miaka mingi, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Kama waliokuwa wakiijua tabia ya dhoruba walishindwa kuikwepa, mzee mwenye gari la mita 10 kwenye foleni ya barabara kuu asijidanganye.

Kimbilio la kweli ni jengo imara, chumba cha chini kisicho na madirisha. Baadhi ya vituo vya mapumziko barabarani Texas na Kansas vimejengewa vyumba vya namna hiyo. Kambini, mara nyingi jengo la mabafu ndilo lenye kuta za matofali. Swali la kwanza la kuuliza mapokezi ni mahali pa kujikinga. Habari za intaneti zitafuata. Tonado ikitangazwa, funga gesi kama una nafasi, kisha toka. Gari-nyumba si kimbilio hata likiwa limeegeshwa.

5. "Tonado hazivuki mito mikubwa wala haziingii mijini."

SI KWELI. Tonado ya tarehe 18 Machi 1925 ilivuka mto Mississippi kutoka Missouri kuingia Illinois, ikaendelea hadi Indiana na kuua watu 695. Kuhusu miji, tarehe 28 Machi 2000 nyingine ilipita katikati ya Fort Worth, Texas, miongoni mwa majengo marefu.

6. "Tairi za mpira hukinga radi."

SI KWELI, ingawa ndani ya gari mara nyingi ni salama. Radi iliyokwisha kusafiri kilomita kadhaa hewani haizuiwi na sentimita chache za mpira. Kinachokinga ni bodi ya chuma, ambayo huupitisha umeme nje na kuushusha ardhini. Ndiyo maana aina ya gari ni muhimu: magari-nyumba mengi yana kuta za faibaglasi, ambayo peke yake haitoi kinga hiyo. Radi ikianza, gari la chuma lililofungwa vioo au jengo la kudumu ni bora kuliko kuketi chini ya turubai ukisubiri chai ichemke.

7. "Vumbi likikuziba macho, toka barabarani na uzime taa zote."

KWELI, ingawa wengi hushangaa. Mashamba yaliyolimwa na bado hayajaota huinua vumbi upepo wa majira ya kuchipua unapoanza. Tarehe 1 Mei 2023, kwenye barabara kuu ya I-55 huko Illinois, vumbi la namna hiyo lilisababisha zaidi ya magari 70 kugongana, na watu wakafa. Mamlaka za Arizona hufundisha hivi: sogea mbali kadiri uwezavyo, zima taa zote, funga breki ya mkono, kisha ondoa mguu kwenye breki. Anayekuja nyuma bila kuona njia hufuata taa za aliye mbele. Akidhani unatembea, atakugonga.

8. "Siku hizi simu inatosha, redio ni ya kizamani."

NUSU KWELI. Simu hupokea onyo la dharura kulingana na mahali ulipo, na hilo limeokoa wengi. Lakini nyanda zile zina maeneo yasiyo na mtandao, na simu huwekwa kimya usiku. Redio ya hali ya hewa hupiga king'ora na kukuamsha. Hilo si dogo: tonado zilizopiga Tennessee usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2020 ziliua watu 25, wengi wao saa za kulala.

Redio ina sharti lake. Hutaja maeneo kwa majina ya kaunti, na msafiri aliyelala ugenini huenda asijue yuko kaunti gani. Basi kila jioni andika jina la kaunti hiyo na zile za jirani, ubandike karibu na kitanda. Ujue pia ngazi mbili za taarifa: ya kwanza husema mazingira ya tonado yapo, jiandae, ya pili husema imeonekana au rada imeinasa, nenda kajikinge sasa.

9. "Fika kambini kabla ya saa tisa alasiri."

KWELI. Wazoefu wa magari-nyumba wana kanuni ya tatu-tatu-tatu: usiendeshe zaidi ya maili 300 kwa siku, ambazo ni kama kilomita 480, fika saa zao zinaposoma 3, yaani saa tisa alasiri, kisha kaa siku 3. Kanuni hiyo ilitungwa kupunguza uchovu, lakini inafanya kazi nyingine pia. Jua huipasha ardhi mchana kutwa, na tonado nyingi huzuka kati ya saa kumi alasiri na saa tatu usiku. Aliyefika mapema ameshauliza jengo la kujikinga liko wapi, ameshafunga vyote na kusikiliza taarifa.

Kati ya madai yote yaliyopita, mengi ya uongo yanaahidi kitu kimoja: kwamba utaweza kuendelea na safari. Gari zito litavumilia, maji yatapitika, daraja litakukinga, mwendo utakuokoa. Ahadi hizo zina maana kwa dereva wa lori anayedaiwa mzigo kesho asubuhi. Mstaafu hadaiwi na mtu. Utabiri wa siku tatu mbele ukiwa mbaya Oklahoma, wazee wawili wanaweza kubaki Texas hadi mfumo upite, na pensheni itaingia vilevile.