Je, Wajua? Kelele za Ukumbini Zina Adabu Zake

Je, wajua kwamba mchezo wa jukwaani ukija Kitale au Bungoma, sehemu kubwa ya watazamaji huwa ni wanafunzi wenye sare, na wengi wao wanaujua mwisho kabla mchezo haujaanza? Vikundi vya waigizaji huzunguka magharibi mwa Kenya vikiigiza vitabu vinavyotahiniwa katika KCSE, leo katika bwalo la shule, kesho katika ukumbi wa mjini. Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea ilipokuwa ikitahiniwa, mwanafunzi aliyeisoma mara tatu hakungoja kujua yatakayompata mtawala dhalimu Majoka. Alingoja kuona kama huyu Majoka wa jukwaani anafanana na yule aliyemjenga kichwani mwake. Ndiyo maana mwigizaji akiruka maneno, sauti kumi humkumbusha kutoka viti vya nyuma, na Tunu, mpinzani wa Majoka, alipotokea alipokewa kwa miluzi na vigelegele. Mgeni huona fujo. Mimi huona watu mia tatu wakisoma kitabu kimoja kwa pamoja, kwa sauti.

Mmoja wa waandishi waliolisha kumbi hizo ni mtoto wa nyumbani. Ken Walibora alizaliwa Bungoma akakulia Trans Nzoia. Kidagaa Kimemwozea, iliyotoka mwaka 2012, ni riwaya, haikuandikwa kwa ajili ya jukwaa. Lakini ilipoingia katika orodha ya vitabu vya KCSE, vikundi viliigeuza mchezo, na wapo wanafunzi waliomzomea Mtemi Nasaba Bora ukumbini kabla ya kumaliza kumsoma darasani. Kumzomea mhusika mwovu si utovu wa adabu. Mwigizaji aliyevaa nafsi ya Mtemi akiondoka jukwaani bila kuzomewa hata mara moja, ana haki ya kujiuliza alikosea wapi.

Je, wajua kwamba huku huku kunakosemekana watu hawajui kunyamaza, kuna utamaduni wa utulivu wa hali ya juu? Mwulize aliyewahi kuhudhuria kumuse. Miongoni mwa Wabukusu, mzee wa heshima akishazikwa, huitwa msemaji maalumu kuja kuswala kumuse. Msemaji huyo hutembea huku na huku ndani ya uwanja, fimbo mkononi, akisimulia asili ya koo, akiwafariji wafiwa na kuwaonya walio hai. Anayetembea ni yeye peke yake. Waliokuja huketi wakamsikiliza, hawamkatizi maneno wala hawapiti mbele yake. John Wanyonyi Manguliechi alikuwa bingwa wa kazi hiyo, hata wasomi wa vyuo vikuu wakayafanyia utafiti maneno yake. Hakuwa na taa za jukwaani, kipaza sauti wala mabawabu wa kuwatisha wapiga kelele. Uzito wa neno na wa kifo ulitosha.

Na kuna kimya kingine, kifupi zaidi. Wabukusu huwatahiri vijana wao mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Umati humsindikiza kijana kwa nyimbo tangu mtoni, mwili umepakwa tope, na ngoma haipoi njiani. Anaposimama mbele ya ngariba, nyimbo hukatika. Kila jicho linamtazama usoni kuona kama atatikisika. Kazi ikiisha, shangwe hulipuka. Tohara si mchezo wa kuigiza, na sitaki kuilinganisha na mchezo. Ninachosema ni kwamba watoto wanaokulia Bungoma hujifunza mapema, bila kuandikiwa ilani ukutani, kwamba kelele ina wakati wake na kimya kina wakati wake. Anayewaona ukumbini wakipiga miluzi asidhani hawajui kunyamaza. Wanajua. Wamepima tukio, wakaona hili ni la kushangilia.

Je, wajua kwamba desturi ya kukaa kimya gizani wakati wa mchezo si ya kale, hata huko Ulaya? Enzi za Shakespeare mjini London, michezo iliigizwa alasiri, mwanga wa jua ukiingia, na walalahoi walilipa peni moja wakasimama mbele ya jukwaa, wakila, wakizungumza na kuwajibu waigizaji. Mwaka 1876, Richard Wagner alipofungua jumba lake la opera huko Bayreuth, Ujerumani, taa za upande wa watazamaji zilififizwa sana ili macho yote yaelekee jukwaani. Wengi walishangaa, maana walizoea kwenda ukumbini kutazamana wao kwa wao. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kimya cha kanisani ndiyo adabu pekee ya ukumbi tangu dunia kuumbwa, usimkubalie. Huko Japani, katika michezo ya kabuki, wapo watazamaji mabingwa wanaojua sekunde ya kumpigia mwigizaji ukelele kwa jina la ukoo wake wa sanaa. Mtazamaji akiwahi au akichelewa, ameharibu.

Makofi nayo yana madaraja. Shule za Kenya zina makofi ya kilo: mshereheshaji huwaambia watu wapashe mikono moto, wanaisugua, anahesabu, kisha kofi moja zito hupigwa na wote kwa pamoja. Mfalme Nero wa Roma alikuwa na vijana zaidi ya elfu tano waliofunzwa kumpigia makofi alipoimba, kwa mitindo mitatu, mmoja ukivuma kama nyuki, na mingine miwili ikipewa majina ya vigae. Tofauti ni kwamba wale walipigia cheo. Kofi la kilo la Bungoma halinunuliwi. Mchezo ukiwa mbovu, hadhira huzungumza mambo yake, na hiyo ni hukumu tosha.

Tamasha za maigizo za shule zina sheria kali zaidi. Mashindano huanza ngazi za chini, yakapanda kwenye kaunti, kanda, hadi taifa. Ukumbi huo huo uliokuwa ukichemka hubadilika kikundi kinapoingia. Mlango hufungwa, aliyechelewa husubiri nje hadi mchezo uishe, na mwamuzi huinamia karatasi yake. Shangwe za shule mwenyeji au za shule pinzani hazimwongezei mtu alama. Wanafunzi huzishika sheria hizo vizuri kuliko watu wazima. Ukisikia simu ikilia katikati ya tamthilia, geuka utazame: mara nyingi mwenyewe ni mzazi au mgeni wa heshima, naye huipokea.

Sasa lipo jambo moja linalowaumiza waigizaji, nalo ni kicheko kinachozuka mahali pa machozi. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Sara ni mgonjwa, na Yona mumewe aliiharibu ndoa yao kwa pombe na kipigo. Mlevi akiingia jukwaani akiyumba, ukumbi huangua kicheko, na kicheko hicho huendelea hata pale mke anapoumia. Walimu wengi huona aibu, wakasimama kuwakemea wanafunzi. Naomba wasifanye haraka. Miongoni mwa wanaocheka wamo watoto ambao Yona wanaye nyumbani, na kucheka mbele ya wenzao ndiyo njia pekee ya kutolia. Mwigizaji mzuri hasimamishi mchezo wala hatoi hotuba. Hukaa ndani ya maumivu hayo, asiharakishe maneno yanayofuata, mpaka kicheko kichoke chenyewe. Kimya kinachokuja baada ya hapo kina thamani kuliko makofi yote.

Je, wajua kwamba kuna siku hadhira ya Kenya ilikataa kubaki kwenye viti? Oktoba 1976, The Trial of Dedan Kimathi, kazi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, iliigizwa katika Ukumbi wa Kitaifa jijini Nairobi chini ya uelekezi wa Seth Adagala. Waigizaji walipoteremka wakiimba na kucheza katikati ya viti, watazamaji waliungana nao, wakatoka nao nje hadi barabarani. Mwaka uliofuata huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walikuja hata kwenye mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, mchezo mwingine ambao Ngũgĩ alishiriki kuuandika, wakawasahihisha waigizaji namna mzee anavyozungumza na namna kazi inavyofanywa. Uwanja wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe ulibeba watu wapatao elfu mbili. Serikali iliufuta mchezo Novemba 1977, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Wakubwa wa serikali hawakuogopa maandishi peke yake. Waliogopa wale watu elfu mbili.

Hapa jirani na Bungoma, katika Kaunti ya Kakamega, iko shule ya wasichana ya Butere. Mchezo wao Shackles of Doom ulizuiwa mwaka 2013 hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uigizwe. Mwaka 2025 walikwenda Nakuru na Echoes of War, tena wakiwa na amri ya mahakama mkononi. Asubuhi ya Aprili 10, polisi waliutawanya umma kwa vitoza machozi nje ya ukumbi. Wasichana waliingia wakakuta hakuna vyombo vya sauti wala hadhira. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaondoka. Watoto wale walijua jambo ambalo wakubwa wao walilisahau: mchezo usio na wa kuutazama haujaigizwa.

Kwa hiyo kikundi kikija Kitale au Bungoma muhula huu, nenda. Lipa mlangoni bila kuomba upunguziwe, maana nauli ya waigizaji hutoka hapo. Ingia kabla mlango haujafungwa, zima simu, mwache mtoto aliye mbele yako aone. Na mhusika mwovu akikukera, mzomee kwa nguvu zako zote.