Urefu wa Neno katika Kijapani

Anayeanza kujifunza Kijapani hukutana mapema na maumbo kama tabesaseraretakunakatta, akadhani ameingia katika lugha ya maajabu. Msemaji wa lugha ya Kibantu hana sababu ya kushangaa. Umbo hilo lina shina tabe- (kula), likifuatwa na -sase- ya kutendesha, -rare- ya kutendwa, -taku- ya matakwa, -nakat- ya ukanushi na -ta ya wakati uliopita; maana yake ni "hakutaka kulazimishwa kula". Kiswahili nacho kina wasingalituandikishia, umbo lenye viungo vinane. Tofauti ni kwamba kitenzi cha Kijapani hubeba mzigo wake karibu wote baada ya shina, tena hakitaji nafsi: umbo lile lile laweza kuwa "sikutaka" au "hawakutaka", kwa kadiri ya mazungumzo.

Lililo gumu zaidi ni kujua kama hilo ni neno moja. Maandishi hayasaidii, kwani Kijapani cha kawaida hakiachi nafasi baina ya maneno. Sarufi ya shule nchini Japani, ambayo msingi wake mkubwa ni kazi ya Hashimoto Shinkichi (1882-1945), huvihesabu viungo hivyo kuwa maneno tegemezi. Kwa hesabu hiyo maneno ni sita. Mwanaisimu anayeviita viambishi ataliona moja tu. Mgogoro huu si mgeni kusini mwa Afrika. "Nawapenda" katika Kizulu huandikwa ngiyabathanda, neno moja. Katika Kisotho cha Kaskazini huandikwa ke a ba rata, maneno manne, ilhali muundo wa lugha hizo mbili unakaribiana sana. Kilichozitenga ni mapokeo ya uandishi.

Upande wa nomino, sauti hutoa ushahidi kidogo. Te (mkono) na kami (karatasi) zikiungana huzaa tegami, yaani barua: k imegeuka g, ishara kwamba mawili yamekuwa moja. Lakini ishara hii haitokei kila mahali.

Mfano upendwao na watafutaji wa maneno marefu ni jina la aina ya nyasi za baharini: ryūgū no otohime no motoyui no kirihazushi, yaani "vipande vilivyokatwa vya kamba ya nywele ya Binti Otohime wa Kasri la Joka". Kwa herufi za kana ni 21. Hata hivyo, no inayojirudia mara tatu hufanya kazi ya -a ya uhusiano katika Kiswahili, kwa hiyo kwa umbo lake hilo ni fungu la maneno lililopewa kazi ya jina. Nyasi hizo hizo huitwa pia amamo, kana tatu tu.

Hata kipimo chenyewe hubadilika. Kokorozashi (azma) lina silabi tano, lakini huandikwa kwa herufi moja ya Kichina. Nayo majina marefu hukatwa bila huruma: Tōkyō Daigaku, Chuo Kikuu cha Tokyo, katika vinywa vya watu ni Tōdai.