Kelele ya Cheni Haizibwi kwa Spana

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya pikipiki zilizoshushwa. Mtu mwenye miguu mifupi akipanda pikipiki ndefu hupata taabu kila anaposimama kwenye foleni au kwenye matope, kwani ni ncha za vidole tu zinazogusa chini. Basi huenda kwa fundi, shokapu za nyuma zikatolewa na kuwekwa fupi. Miguu inafika, moyo unatulia. Mara cheni inaanza kelele.

Msikilizaji mmoja ameniuliza: je, niikaze mpaka inyamaze? Jibu langu ni hapana. Naomba mnisikilize, maana nyuma ya pikipiki hiyo hupanda mke, mtoto, au abiria aliyelipa nauli yake.

Gurudumu la nyuma hubebwa na mkono wa chuma unaopanda na kushuka. Bawaba ya mkono huo iko nyuma kidogo ya sproketi ndogo ya mbele. Kwa sababu hiyo, mkono unapocheza, umbali kutoka sproketi ndogo hadi ekseli ya nyuma hubadilika. Umbali huo huwa mrefu kuliko wote pale sproketi ndogo, bawaba na ekseli vinapokaa katika mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapokaza zaidi. Gurudumu likining'inia, cheni hulegea.

Pikipiki iliyoshushwa imekwisha kusogea karibu na mstari huo hata kabla hajapanda mtu. Kwa hiyo kipimo cha ulegevu kilichoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda hakiifai tena. Kiliwekwa kwa urefu wa awali. Fundi akikaza gurudumu likiwa linaning'inia, kelele yaweza kwisha, lakini wakikaa watu wawili cheni huvutika kama uzi wa gitaa. Beringi ya giaboksi huumia, sili huvuja oili, meno ya sproketi hulika. Tena cheni ikikatika katika mwendo inaweza kujikunja na kulifunga gurudumu.

Dalili ya mvua ni mawingu, nayo kelele ni dalili. Isikilizeni kwanza. Ikigonga-gonga unapoachia mafuta, cheni imelegea. Ikivuma mfululizo, hasa ukipakia mtu, imekaza mno. Ikilia kama mlango wenye kutu, inataka oili au pingili zake zimeshikana. Ikikwaruza, kuna mahali inagusa. Tafuteni chuma kilichong'aa upya: chini ya mkono karibu na bawaba, kwenye kava ya cheni, au kwenye stendi kubwa. Mkono ukipanda, sehemu ya chini ya cheni husogelea upande wa chini wa mkono karibu na bawaba. Hapo dawa ni kuondoa mgusano, au kurudisha pikipiki juu kidogo. Spana ya kukazia haisaidii kitu.

Kupima ni hivi. Zima injini, weka gia huru. Zungusha gurudumu upate mahali cheni inapokaza zaidi. Kisha watu wakae juu ya pikipiki mpaka vile vitu vitatu viwe katika mstari mmoja, na mwingine aisukume cheni kwa kidole, katikati ya sehemu ya chini, juu na chini. Lazima ibaki na ulegevu kidogo. Ikiwa imekakamaa, ilegezwe, na alama za pande zote mbili za ekseli zilingane. Wakishuka watu, pima tena kwa rula pikipiki ikiwa kwenye stendi. Hicho ndicho kipimo chako kipya. Kiandike, umpe fundi kila unapokwenda.

Pikipiki fupi si kosa. Mguu unaofika chini nao ni usalama. Lakini aliyeshusha shokapu amebadilisha na hesabu ya cheni, na hesabu hiyo haina budi kupigwa upya kabla abiria hajapanda.

Hadi wiki ijayo, nawatakieni safari njema.