Mo Farah: bingwa aliyekimbia kwa jina la mtoto mwingine

Wanafunzi wangu wanapenda kubishana juu ya wakimbiaji: nani mkali, Mkenya au Muethiopia? Juzi nikawauliza, na yule Mwingereza aliyewashinda wote wawili? Wakapiga kelele, "Mo Farah, Mwalimu!" Kumbe medali zake wanazijua. Habari ya utoto wake hawakuijua, na ndiyo hiyo nataka tuisome pamoja mwezi huu.

Karatasi iliyochanwa

Alizaliwa Somaliland mwaka 1983, pacha na ndugu yake Hassan. Jina alilopewa na wazazi ni Hussein Abdi Kahin. Alipokuwa na miaka minne, baba yao aliuawa kwa risasi wakati wa vita. Hussein akapelekwa Djibouti kwa ndugu. Akiwa na miaka minane au tisa, mama mmoja asiyemjua akamchukua, eti anampeleka Ulaya akaishi na jamaa zake. Akaambiwa kuanzia sasa anaitwa Mohamed, kwa sababu hati za safari zilikuwa na jina la mtoto mwingine, Mohamed Farah.

Walipofika Uingereza, yule mama alichukua karatasi yenye anwani za jamaa zake, akaichana mbele ya macho yake. Jamani! Tangu hapo mtoto akawa mtumishi wa kufanya kazi za nyumbani na kulea watoto. Akaonywa kwamba akitaka kuwaona tena watu wake, afunge mdomo. Mara nyingi alijifungia bafuni akalia.

Mwalimu aliyemsikiliza

Miaka ya kwanza hakupelekwa shule. Alianza kusoma akiwa na miaka kama 12, huko Feltham, magharibi mwa London. Kiingereza kilikuwa kidogo sana na walimu waliona hatunzwi. Lakini mwalimu wa michezo, Alan Watkinson, aliona kwamba akiingia uwanjani mtoto huyu anabadilika. Siku moja Hussein akamwambia ukweli wote. Mwalimu hakumtaja kuwa mwongo. Aliwaita watu wa ustawi wa jamii, na mtoto akahamishiwa kwa familia nyingine ya Kisomali iliyomlea vizuri.

Mambo ya hati yalibaki, sisi tunayafahamu. Alipokuwa na miaka 14 alialikwa kwenda kushindana Latvia, lakini hakuwa na karatasi za kusafiri. Mwalimu akahangaika naye mpaka akapata uraia wa Uingereza mwaka 2000.

Na mama yake mzazi je? Siku moja, katika hoteli ya chakula ya Wasomali London, mwanamke mmoja alimpa kaseti. Ndani yake ilikuwa sauti ya mama yake, Aisha, akimwimbia kwa huzuni, na juu yake imeandikwa namba ya simu.

Mbio

Mwaka 2001 alikuwa bingwa wa vijana wa Ulaya wa mita 5,000. Mwaka 2005 akahamia nyumba moja na wakimbiaji wa Kenya waliokuwa London, akaona wanavyoishi: mazoezi, kula, kulala mapema, basi. Akaacha starehe akawafuata. Hata hivyo, kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 hakufika fainali. Hakukata tamaa. London 2012 alichukua dhahabu mbili, mita 10,000 na mita 5,000. Rio 2016, katika mita 10,000, aligongana miguu na mwenzake wa mazoezi, akaanguka chini. Akainuka, akawafuata, akashinda! Siku chache baadaye akashinda na mita 5,000. Jumla ni dhahabu 4 za Olimpiki na 6 za dunia. Mwaka 2018 alishinda maratoni ya Chicago kwa saa 2:05:11, na mwaka 2023 akastaafu.

Mwaka 2022 ndipo aliposimulia dunia, katika filamu ya BBC, namna alivyoletwa. Alikuwa na hofu ya kunyang'anywa uraia, lakini serikali ikasema haitamchukulia hatua. Mtoto wake wa kiume amempa jina Hussein.

Kwetu sisi

Wazazi, akija mtu kambini na ahadi ya kumpeleka mtoto mjini au Ulaya, msimpe mtoto. Mfundisheni mtoto jina lake kamili, la baba na mama, na kijiji alikotoka, ayajue kwa kichwa. Karatasi inachanika.

Na mnaolea watoto wa wengine, asanteni, ni kazi kubwa. Lakini mtoto huyo naye aende shule kama wenzake.

Mimi pia nina kosa langu. Mwaka jana nilimfukuza darasani mwanafunzi aliyekuwa analala kila siku. Baadaye ndipo nikajua kwamba anaamshwa saa kumi alfajiri kupanga foleni ya maji kwa nyumba anayokaa. Sikuwa nimemuuliza hata swali moja. Sasa nauliza kwanza. Watoto, na ninyi mkiwa na jambo zito, mwambieni mwalimu. Mlango uko wazi.

Tuonane mwezi ujao.