KAZI YA KUUZA DHAMANA

Kwetu mtu aliye buloko akipewa uhuru wa muda, feza ya kosyo inawekwa kwa grefye wa tribunali. Kama anakuja kila mara anapoitwa, kesi ikiisha anarudishiwa. Katika Amerika kuko watu wanaoishi kwa kazi ya dhamana hiyo. Zuzi akitaka dola 10 000 nawe huna, mwuza dhamana anakutolea ahadi mbele ya tribunali, wewe unamlipa 1 000. Hizo hazirudi, hata ukionekana huna kosa!

Ukikimbia, yeye ndiye anadaiwa zile 10 000, kwa hiyo atakutafuta sana. Juu ya hiyo jimbo la California linaihesabu kama kazi ya asiransi. Mtu awe na miaka 18 (sawa sisi wa mwaka wa sita), asome saa 20, ashinde ekzame, atoe alama za vidole, ndipo apewe ruhusa. Saa 20 tu! Hazifiki juma moja la masomo yetu, na ni uhuru wa maskini anaoshika mkononi.

Jimbo la Kentucky lilikataza biashara hiyo mwaka 1976. Huko watumishi wa tribunali wenyewe wanachunguza nani anaweza kungojea hukumu nyumbani.